Karanga Nilizozipeleka kwa Mzee Kondo

Hii ni aibu yangu na nitaisema mwenyewe, maana wenzangu walioiona wengi wamekwisha kufa, na waliobaki wanaisimulia vibaya. Juzi vijana walikaa kwenye ngazi za duka langu la bati na misumari hapa Mchafukoge wakawa wanatajiana vitabu, huyu anasema soma hadithi hii utalia, yule anasema achana na hadithi za kubuni, soma kile cha mtu aliyezunguka nchi kwa miguu, mara mmoja akanigeukia: "Mzee, na wewe tutajie kimoja basi." Nikamfukuza. Nilimfukuza kweli, nikamwambia hili duka si maktaba. Najua alikwenda akidhani sijui kusoma. Kusoma najua, tena nilijifundisha mwenyewe kwa kukodolea macho maandishi ya magunia na matangazo ya ukutani baada ya shule kunishinda (baba alifariki, nikatolewa nikalime, basi). Nilichokataa ni kusifu kitabu mbele za watu. Mara ya mwisho kufanya hivyo nilikosa mke.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza yupo bado, na mimi nina nguvu zangu. Nilikuja mjini kutoka Kisarawe kwa miguu, nikabeba magunia pale sokoni Kariakoo mpaka mabega yakaota sugu, nikaacha magunia nikauza mkaa, nikaacha mkaa nikauza mbao, kibanda changu mwenyewe, sikuachiwa na mtu. Nikaona sasa ni wakati wa kuoa, na niliyemtaka ni Mwanaidi, binti wa Mzee Kondo wa mtaa wa nyuma yangu. Huyo nilimsikia sauti kabla sijamwona uso. Nilikuwa napita na mbao begani, dirishani kwao anamsomea shangazi yake kitabu, anasoma kama maji yanavyomwagika, hasiti popote, nikasimama na mzigo wangu mpaka mteja aliyezinunua akanitukana.

Nikapeleka mshenga. Jibu la Mzee Kondo lilinishangaza. Hakuuliza mahari, hakuuliza ukoo. Alisema: "Mwambie aje Ijumaa barazani kwangu, alete kitabu."

Lazima nieleze. Mzee Kondo alikuwa fundi wa majahazi aliyezeeka akapenda vitabu kuliko chakula, na kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri wazee na vijana walikaa kwenye baraza la nyumba yake, kila mtu na zamu yake, anasifu kitabu alichosoma, anaeleza kina nini ndani, wengine wanamhoji, halafu anakiazimisha kwa atakayekitaka. Sheria yao ilikuwa moja: hasifu kitabu asiyekimaliza. Mzee Kondo alikuwa na usemi wake, kwamba mtu anayesifu nusu ya kitu atakuuzia nusu ya kitu.

Sasa kitabu mimi ninacho. Kimoja. Nilikinunua kwa Ramji, Mhindi wa duka la rejareja pembeni mwa soko, aliyekuwa ananunua vitabu na magazeti makuukuu kwa uzito ili apate karatasi za kufungia bidhaa. Mnakumbuka (ninyi hamkumbuki, mlikuwa hamjazaliwa) siku hizo sukari, pilipili manga, karanga, vyote vilifungwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe. Nilikikuta kimelala juu ya kaunta kikisubiri kuchanwa, jalada hakina, na nyuma kimekwisha kuchanwa nusu nzima. Nikasoma mstari wa kwanza hapo hapo nimesimama, kwa kidole, ukasema habari za Faraji, mchukuzi wa mizigo. Mchukuzi! Nikamwambia Ramji asichane tena, nikakilipia.

Nilikisoma kile kipande msimu mzima. Faraji anabeba mizigo, Faraji anamtunza mama yake, Faraji anadhulumiwa anasamehe, Faraji anapata duka. Jamani, nilidhani kuna mtu amenifuata nyuma akaandika. Kilipokatikia, Faraji ndiyo kwanza anatajirika.

Ningekwenda na ukweli, nikasema wazee, kitabu changu ni nusu, mkasa huu usingekuwepo. Lakini nilikuwa na kiburi. Nikakata boksi la sabuni, nikamwomba fundi cherehani anishonee majalada mbele na nyuma, kikawa kitabu kamili ukikitazama kwa mbali. Halafu, kwa kuwa nilitaka nionekane mtu wa mkono wazi, njiani nikapitia dukani kwa Ramji nikanunua karanga za kukaanga za baraza zima. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, na sikuliona.

Nikafika. "Shikamoo, Mzee Kondo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nikagawa karanga, kila mtu na kifuko chake cha karatasi, na kwa ufahari wangu nikamwita Bi Tatu, dada yake Mzee Kondo, yule shangazi wa dirishani, nikampa mkono mzima wa vifuko: "Na hivi vya ndani, shangazi." Akapokea akitabasamu, akaingia nyuma ya pazia. Nikajua Mwanaidi yuko humo anasikiliza.

Pembeni yangu alikaa Karani Hamisi, kijana wa ofisi ya serikali, suruali imepigwa pasi mpaka ingekata nyama. Alisifu chake kwanza, cha ufugaji wa nyuki, akahojiwa, akajibu vizuri, Mungu amlaani. Halafu Mzee Kondo akanitazama. "Selemani. Umekimaliza?"

"Nimekimaliza, mzee."

Neno moja tu. Nikaanza kukisifu, na nilikisifu vizuri, sitajidharau hapo. Niliwaeleza Faraji na magunia yake mpaka mzee mmoja akafuta jicho. Nikavimba kichwa. Nikasema, "Wazee, mimi mnanijua. Huyu Faraji ni mimi. Anayempa Selemani binti yake, amempa Faraji."

"Maneno mazito hayo," akasema Mzee Kondo, lakini nikaona amependezwa. "Na mwisho wake huyo Faraji?"

Watu wote wametulia, wanatafuna. Nikasema linalokuja mdomoni: "Mwisho, mzee, anampeleka mama yake kuhiji Makka. Anambeba mgongoni mpaka melini."

"Mashaallah!" baraza zima.

"Hata mkewe analia kwa furaha," nikaongeza (mwongo akishangiliwa hajui kuacha).

Na ndipo nilipoona mkono wa Mzee Kondo. Alikuwa anatia vidole ndani ya kifuko chake cha karanga, na karatasi ya kifuko kile ilikuwa na maandishi, na maandishi yale nilikuwa nayajua sura yake, herufi nene nene za wino uliofifia. Mimi ni msomaji wa polepole. Nikakodoa. Fa. Anakigeuza kifuko. Nikasubiri. Ra. Anatafuna, anakirudisha upande ule. Ji.

Nikatazama mkono wa huyu, Faraji. Mkono wa yule, Faraji. Ile nusu yangu iliyopotea Ramji alikuwa ameichana zamani akaiweka akiba, leo akaifungia karanga, na mimi kwa mikono yangu nimeileta barazani nikawagawia wakwe! Wote wameishika mkononi. Kinachoniokoa ni njaa yao tu, maana mtu anayekula karanga haangalii karatasi mpaka karanga ziishe, na karanga zilikuwa zinaisha.

"Mbona kitabu chako hukitoi mapajani?" akauliza Karani Hamisi. "Hebu nikione, bwana."

"Subiri zamu ya kuazima."

"Kina jalada la sabuni?"

"Kimesomwa sana," nikasema, "ndiyo maana." Watu wakacheka kidogo. Mimi macho yako kwenye vifuko. Nikainuka. "Wazee, nipeni makaratasi hayo nikayatupe, tusichafue baraza la watu."

"Kaa, wewe ni mgeni," akasema Mzee Kondo.

"Hapana, mzee, mimi ni mtoto wenu."

Nikaanza kupita kwa kila mmoja nimekinga mkono kama mwomba sadaka. Aliyemaliza akanipa. Ambaye hajamaliza nikamwambia mimina karanga kiganjani, mzee, zitapoa vizuri (karanga zenyewe zilikuwa baridi tangu asubuhi). Mmoja akanishangaa: "Kijana, una haraka na takataka!" Karani Hamisi alikuwa amekwisha kukifungua kifuko chake, anakinyoosha juu ya goti, nikakinyakua. Nilikinyakua kabisa, kama kuku anavyonyakua. "Vipi wewe?" "Kuna mafuta, bwana, utachafua suruali yako nzuri." Akaitazama suruali, akanishukuru. Akanishukuru! Nikakifikia cha Mzee Kondo cha mwisho, akakitikisa, akaokota punje ya mwisho taratibu, akanipa. Nikavifinyanga vyote donge moja, nikalitia mfukoni, nikakaa. Nikapumua. Nikasema moyoni, Selemani, hukuzaliwa wewe, ulifuliwa na wahunzi.

Mzee Kondo akajiweka sawa, akakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kutoa jibu. "Basi mimi nimesikia. Mtu anayesoma namna hii, na anayesafisha baraza la wazee kwa mkono wake..."

Ndani pakasikika kicheko.

Si kikubwa. Kicheko cha mtu mmoja kilichobanwa na kiganja, kikaponyoka. Vya ndani! Nilivisahau vya ndani!

Pazia likasogea, akatoka Bi Tatu, na kati ya vidole viwili ameshika karatasi iliyonyooshwa, ina mafuta. "Kaka, samahani. Binti yako ana swali kwa mgeni."

"Aulize."

"Anaomba asome kwanza."

Wazee wakatazamana, lakini ilikuwa siku ya vitabu, nani atakataa? Bi Tatu akairudisha karatasi ndani, na sauti ile ile ya dirishani ikaanza kusoma, haisiti popote. Alisoma kwamba Faraji alikuwa amekaa mbele ya jumba lake na wageni wake wakubwa, akaja bibi mmoja amevaa matambara, akamwita mwanangu, na Faraji akawaambia walinzi wamfukuze, akasema simjui bibi huyu, na bibi huyo alikuwa mama yake mzazi. Akageuza karatasi upande wa pili. Huko Faraji alikuwa anaiba dhahabu za mkewe sandukuni.

Halafu akasema, kwa adabu kabisa: "Swali langu ni hili. Bwana Selemani amesema yeye ndiye Faraji. Ni huyu?"

Jamani. Baraza liliangua kicheko, Karani Hamisi alishuka mpaka chini akashika mguu wa kiti, na yule mzee aliyefuta jicho mwanzo sasa anayafuta yote mawili. "Kambeba mama mgongoni!" analia mtu. "Mpaka melini!" anaitikia mwingine. Mimi nimekaa na kitabu changu cha sabuni mapajani na donge mfukoni linapenyeza mafuta kwenye kanzu nyeupe, linaonekana.

Ambaye hakucheka ni Mzee Kondo. Alinyoosha mkono, nikampa kitabu. Akakifungua nyuma, akapitisha kidole pale uzi wa cherehani ulipoishia.

"Kilikatwa?"

"Kilikatwa, mzee. Nilikinunua hivyo hivyo."

"Hii nusu umeisoma yote?"

"Yote. Kwa kidole. Msimu mzima."

Akatikisa kichwa polepole. "Ungesema hivyo tangu ulipokaa, tungekaa wote hapa tukajiuliza Faraji atafikia wapi, na ingekuwa Ijumaa nzuri kuliko zote. Na ungekuwa na mke. Sikutaka msomi, Selemani, wasomi ninao. Nilitaka kujua utaniambia nini usipojua." Akanirudishia kitabu kwa mikono miwili, kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonimaliza. "Posa yako nimeirudisha. Nenda salama."

Nikainuka. Niko kwenye ngazi, Bi Tatu akanifuata na ile karatasi imekunjwa vizuri. "Mwanaidi anasema chukua, ukaongezee kwenye kitabu chako."

Kesho yake nilikwenda kwa Ramji kutafuta kurasa nyingine, maana zile za mfukoni zilikuwa zimekwisha kuwa uji wa mafuta. Ramji akaniambia, "Hapana tena, bwana. Mji mzima imekula." Mwanaidi aliolewa Tanga na mtu wa reli. Mimi nilioa baadaye, mke mwema, Mungu amrehemu, hakujua kusoma na hakuwahi kuniuliza mwisho wa kitu chochote.

Tangu siku ile sijasifu kitu ambacho sijafika mwisho wake, iwe kitabu, iwe mbao, iwe mtu, na karanga nyumbani kwangu zinaliwa kwenye bakuli. Jana yule kijana wa vitabu alipita tena, nikamwita. Alidhani namfukuza, akaanza kuondoka, nikamwambia njoo hapa. Nikatoa chini ya kaunta kile kitabu cha majalada ya sabuni, na ule ukurasa wa mafuta nimeushona nyuma yake kwa mkono wangu.

"Hiki ni kizuri," nikamwambia. "Lakini nimekisoma nusu na ukurasa mmoja. Mbele ya hapo sijui."