Kikapu Nauza, Paka Zawadi

Mkasa huu umenigharimu shilingi laki moja za faini, na ukanigharimu Bi Raya, na katika hayo mawili faini ndiyo nafuu. Naona haya kuusimulia, lakini mtaa mzima wanaujua, bora na nyinyi muusikie kwangu mwenyewe.

Nina kiduka cha chakula cha ndege na paka, ndani ndani huko Mji Mkongwe, na nyumbani nina paka jike mweupe wa manyoya marefu ambaye akizaa tu, wageni waliohamia Fumba wanakuja wenyewe. Sasa ikatangazwa kwamba anayezalisha paka au mbwa kwa kuuza awe na kibali, watoto wachanjwe, wala wasitolewe kabla hawajaacha kunyonya. Maneno ya haki kabisa. Ila kibali kina ada, na mimi nikiiona ada natafuta mlango wa uani (ndivyo nilivyoumbwa), nikakata shauri: paka siuzi, nauza kikapu. Kikapu elfu hamsini, paka aliyemo ndani zawadi.

Na wallahi aliyenitia wazo hilo ni marehemu mama. Enzi zake paka hakuwa na bei. Jirani akitaka mtoto wa paka, mama humtia katika kikapu cha ukili na kipande cha samaki mkavu pembeni, akamsindikiza mpaka mlangoni kama anaozesha binti, na nyumba ile ikinuka udi na samaki kwa pamoja, harufu ambayo hata leo nikiipata popote nasimama. Vikapu vile akivisuka shoga yake, Bi Raya wa Jambiani, na ndiye huyo huyo aliyekuwa akiniletea na mimi, elfu nne kimoja, kwa sababu mimi mtoto wa shoga yake.

Basi asubuhi moja afisa wa mifugo, binti mpole, akasimama mbele ya duka, na watu barazani wanakunywa kahawa yao.

"Unauza paka?"

"Hasha. Vikapu."

"Kikapu bei gani?"

"Hamsini elfu. Mwisho arubaini na tano," nikasema, maana ulimi wangu haujui kutaja bei ukaiacha peke yake.

"Kikapu hiki?"

"Ukili wa Jambiani huo, mama. Hiki utarithisha wajukuu."

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yake. Bi Raya, na vikapu vyake begani.

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba. Arubaini na tano, mwanangu? Na mimi unanipa nne?"

Baraza nzima ikanigeukia. "Mjibu mama, yakhe," akasema mmoja, "kahawa inapoa."

Nikapiga hesabu, nikairudia: nikisema ni kikapu, nimemdhulumu shoga wa mama yangu miaka yote hii, nikisema ni paka, faini. Nikachagua faini, na nikajiona muungwana hasa.

"Hiyo bei ya paka, Bi Raya. Kikapu hakina kitu hapo."

Afisa akatoa kalamu. Bi Raya akakitazama kile kikapu cha mezani, akapitisha kidole ukingoni.

"Hakina kitu," akasema polepole. "Mama yako alikuwa akikishika kwanza, ndipo akamtafuta paka wa kumtia."

Akageuka, akenda zake na vikapu vyake.

Kibali nshakata, paka washachanjwa, na kuapa nshaapa: kitu sitokiita tena kwa jina la chengine. Lakini Bi Raya haji, na wateja nawapa paka katika maboksi ya sabuni, nami kila nikifunga boksi naona aibu. Nataka kwenda Jambiani nimtake radhi, nimuagizie vikapu kumi. Nishaurini, nyinyi mnaojua kusema na watu wazima: nimtajie bei gani? Nikisema nne, ataona ndivyo ninavyomthamini. Nikisema arubaini na tano, ataniuliza paka yuko wapi.