Niliwekwa hai na chronograph ya Daktari Nzioki, Kyuso: je, saa kama hii bado inafaa kumiliki?

Wakuu, hamjambo wote.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza hapa kama zile chronograph za Uswisi, zenye visaa vidogo ndani na vibonyezo pembeni, bado ziko na maana yoyote wakati simu inaonyesha saa vizuri kuliko saa yenyewe. Wengine wakamjibu mambo ya resale value, bei ya kuiuza tena. Wengine wakamcheka tu.

Mimi nikabaki nikifikiria kama niandike. Nimeamua niandike.

Sitatia chumvi, kwa sababu hii ni stori inaharibika ikitiwa chumvi. Mke wangu Mumbua amekaa hapa kando, na nikikosea atanirekebisha kama kawaida yake.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa kijana, nimeoa juzi juzi, na kazi yangu ilikuwa kununua ndengu, ama choroko, kwa wakulima wa soko la Kyuso, kujaza stoo, halafu kuuza kwa wenye malori.

Pale sokoni kulikuwa na kliniki ndogo ya kanisa. Jina niliache. Aliyeiendesha aliitwa Nzioki, mtu wa Matiliku, upande wa Makueni, ingawa wakati huo Makueni ilikuwa bado ndani ya Machakos. Kwa karatasi alikuwa clinical officer, yaani tabibu, lakini kwetu alikuwa Daktari na hakuna aliyemwita kitu kingine.

Sasa Daktari Nzioki alikuwa na saa.

Ya chuma, uso mweusi, visaa vitatu ndani kama macho ya kitu kinachokuangalia. Ukibonyeza juu, mshale mwembamba unaondoka. Ukibonyeza tena unasimama. Ukibonyeza chini unarudi mwanzo, tak! Aliinunua kwa fundi wa saa Mombasa badala ya kununua pikipiki, na watu walimsema sana. "Daktari anatembea na miguu, pikipiki iko kwa mkono."

Mimi niliitamani ile saa vibaya. Nikienda kupimwa malaria nilikuwa naangalia mkono wake kuliko sindano. Siku moja nikamwambia, "Daktari, hiyo saa nikupe mbuzi."

Akacheka. "Mbuzi watanihesabia pulse ya mgonjwa?"

Basi, asubuhi moja ya msimu wa mavuno, nilikuwa ndani ya stoo nainua gunia. Nikahisi kama mwiba juu ya kifundo cha mguu. Halafu mwiba mwingine hapo hapo.

Nikaangalia chini. Nikaona mkia mrefu wa rangi ya majivu ukiingia nyuma ya magunia, bila haraka yoyote.

Black mamba. Wengine mnamjua kwa jina la koboko. Alikuwa amefuata panya.

Nilipiga nduru. Mumbua alikuwa nje anapepeta ndengu, na aliyefika naye ni Bwana Salim, mwenye duka la vitambaa jirani yetu. Salim alizaliwa pale pale Kyuso, babu yake ndiye aliyetoka pwani. Wakanitupa kwa mkokoteni wakakimbia nao hadi kliniki.

Njiani midomo ilianza kuwasha kama nimelamba pilipili. Nikaanza kuona watu wawili wawili. Kope zikawa nzito, ukiinua zinaanguka.

Daktari Nzioki aliangalia mguu mara moja tu, akamgeukia Salim. "Dawa ya huyu nyoka sina. Iko hospitali kubwa. Lori yako iko na mafuta? Kimbia uilete, huyu nikimpakia sasa pumzi itakatika njiani."

Nilisikia viatu vya Salim vikikimbia, halafu engine.

Hapa ndipo nawaomba wakuu msome polepole.

Sumu ya yule nyoka haikulazi usingizi. Inafunga misuli, mmoja baada ya mwingine, na akili inabaki wazi kabisa. Macho yalijifunga. Ulimi ukalala. Mikono ikakataa. Halafu kifua kikakataa. Nilitaka kuvuta hewa na hakuna kitu kilichoinuka. Nilikuwa ndani ya mwili wangu kama mtu aliyefungiwa stoo, nasikia watu nje, na siwezi kugonga mlango.

Nikasikia mama yangu akilia, "Mwanangu ameenda."

Nikasikia mzee mmoja wa kanisa akianza yale maombi ya kumkabidhi marehemu kwa Mungu. Wakuu, nikiwa nasikia! Hata fundi wa majeneza alichungulia dirishani, na nikasikia mama akimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuandika kwa jukwaa la heshima.

Halafu kitu kama mpira kikafunika mdomo na pua yangu, na hewa ikaingia. Tamu sana. Sijawahi kula kitu kitamu kama ile hewa.

Daktari alikuwa anafinya ule mfuko wa mpira wa kupumulisha mtu. Muuguzi wake, Sista Mwikali, alikuwa ameshika mask na kuinua kidevu changu, na kila baada ya muda ananigeuza kando kupanguza mate nisije nikanyongwa nayo.

"Daktari, mwachie apumzike," yule mzee akasema. "Huyu ameshakwisha."

Nikahisi vidole shingoni. Nilijua anaangalia saa yake.

"Moyo unapiga," Daktari akasema. "Mzee, nisikize. Huyu mtu yuko ndani. Na ninyi wote mtamsaidia kupumua mpaka lori irudi."

Halafu akainama karibu na sikio langu. "Kilonzo, najua unasikia. Usiogope. Kupumua tutafanya sisi. Wewe kaa tu."

Nikakaa. Ningefanya nini?

Kliniki ilikuwa na watu wawili wa kazi, na foleni ya wagonjwa nje. Kwa hivyo Daktari akawaita watu wa sokoni waingie kwa zamu. Kina mama wa kwaya. Wauza nyanya. Mwalimu aliyekuwa anapita. Yule mzee wa kanisa naye alishika, na niseme ukweli, alishika vizuri sana.

Lakini kulikuwa na shida. Mtu akiogopa anafinya haraka haraka. Mwingine akichoka anafinya polepole, na mimi nikiwa ndani naanza kuzama. Kina mama wakasema waimbe wapate mwendo, lakini ule wimbo ulishika moto na mfuko nao ukawa unafinywa mbio mbio.

Mumbua ndiye aliyeniambia kilichofuata, kwa sababu mimi macho yalikuwa yamefungwa.

Daktari alivua saa yake. Wengi walikuwa hawajawahi kuona mkono wake bila saa. Akaitundika kwa kile chuma cha kuwekea drip, usawa wa macho ya mtu. Akakata vipande vidogo vya plasta nyeupe na kuvibandika juu ya kioo, kuzunguka kote, penye kila alama ya sekunde tano. Akabonyeza, mshale ukaondoka.

"Msiniangalie mimi," akasema. "Msimwangalie Kilonzo. Angalieni ule mshale. Ukiingia chini ya plasta, finya. Ukitoka, achilia."

Hapo hata asiyejua kusoma saa akajua la kufanya.

Na mimi nikasikia sauti zao zikibadilika. Vilio vikaisha. Ikabaki sauti moja tu, mtu mmoja akisema kila mshale ukifika, "Sasa." Kimya. "Sasa." Kimya. "Sasa." Sauti ya mwanamke, halafu ya mwanamume, halafu ya mwanamke mwingine. Kila "sasa" na hewa yake.

Sijui kama mnaelewa. Watu nisiowajua walikuwa wameacha nyanya zao juani ili mimi nivute hewa.

Lori ya Salim ilirudi jua likianza kulegea. Alileta dawa, na maagizo pia: nikishadungwa nipelekwe kule kule hospitali kubwa, penye mashine ya kupumulisha, kwa sababu sumu ilikuwa imeingia sana.

Nikadungwa. Wakati wananipakia juu ya magunia, nikasikia kelele mlangoni. Mama mjamzito ameletwa, mtoto amekaa vibaya tumboni.

Sista Mwikali ilibidi aende na mimi, kwa sababu ya ile mask. Daktari ilibidi abaki.

Nikamsikia akipanda lori. Akamwambia Mumbua, "Lete mkono."

Akamfunga ile saa. Ile ile ambayo Kyuso nzima ilikuwa inaitamani. Ilikuwa kubwa kwake, ikabidi aisukume mpaka karibu na kiwiko ikae.

"Daktari, na yule mama?" Sista akauliza. "Utahesabu na nini?"

"Nendeni," akasema. "Mnapoteza hewa."

Barabara ya wakati huo ilikuwa mashimo na mchanga tu. Mumbua anasema hakuona mti, hakuona mtu, hakuona mto mkavu tuliovuka. Aliona mshale na plasta. Vibarua wa Salim waliopanda nasi walimshika mabega asianguke, wakapokezana naye, lakini kila mfuko ukiwa kwa mwingine, yeye ndiye alikuwa anasema "sasa". Alifika hospitali sauti imekauka.

Huko mashine ilichukua kazi. Kesho yake nikasogeza kidole cha mguu na mtu akapiga kelele kama timu imefunga goli. Halafu kope zikainuka kidogo, na kitu cha kwanza nilichoona duniani kwa mara ya pili ni mkono wa mke wangu, na juu yake ile saa, plasta bado ziko.

Nilipopata nguvu nikairudisha mwenyewe.

Daktari hakuiangalia kwanza. Alinishika kidevu. "Fungua macho. Zaidi. Nipe mkono, finya. Zaidi." Ndipo akaichukua na kuanza kubandua plasta kwa ukucha.

"Na yule mama?" nikamuuliza.

"Walirudi nyumbani wawili."

"Ulihesabu na nini?"

"Na mdomo," akasema, na akaita mgonjwa mwingine.

Wakuu, niruke miaka. Katika ile ya tisini Daktari alistaafu akarudi kwao Matiliku. Nilikuwa nimejipanga kidogo, nikaamua nimtembelee, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimebeba nia ya kumwomba aniuzie ile saa. Niliipangia hotuba njia nzima kutoka mji mdogo wa Salama.

Nikamkuta shambani, mkono mtupu.

"Niliuza," akasema. "Kuna mtu wa Nairobi anazikusanya." Akanionyesha tangi kubwa la saruji pembeni ya nyumba, na majirani wamepanga mitungi. "Hapa maji yalikuwa mbali sana."

Nilikasirika, wakuu. Nilikasirika kana kwamba ni yangu. Nikamwambia, "Daktari, ile saa! Ile saa unaiuza kweli?"

Alinishangaa. "Si ulipona?"

Nilikunywa maji ya lile tangi, tukaongea mambo ya ndengu, nikaenda nyumbani. Amelala sasa, Mungu amrehemu. Sijawahi kukutana na mtu mkubwa kama yule, na alikuwa mfupi kuliko mimi.

Baadaye nilijinunulia yangu. Si ile, lakini ni ndugu yake: chuma, uso mweusi, visaa vitatu. Nilifika nyumbani nikitembea kama bwana harusi, nikampa Mumbua ashike.

Akabonyeza. Mshale ukaondoka. Akauangalia ukizunguka, na nikaona kila ukipita alama, vidole vyake vinajifunga vyenyewe. Vinafunga, vinafungua. Hakujua anafanya hivyo. Nilipomshika mkono ndipo akaanza kulia, na siku ile ya nyoka hakuwa amelia hata kidogo.

Sasa nijibu swali la mwenzetu.

Kama unataka kujua saa ngapi, nunua ya bei rahisi, hizi zinachelewa. Kama unataka faida, sijui, mafundi wake ni wachache na bei ya service inauma. Kama unataka watu wakuangalie, watakuangalia, wakiwemo wezi.

Lakini ukiniuliza kama inafaa, mimi nasema inafaa, kama wewe ni mtu anayeweza kuivua. Nilimuona, ama niseme nilimsikia, mtu akivua kitu alichokipenda na kukitundika mahali muuza nyanya anaweza kukitumia. Halafu akakifunga kwa mkono wa mtu mwingine na kukiacha kiende. Yangu naivaa bado, na sijui kama ningeweza. Naomba Mungu siku hiyo ikifika niweze.

Karibuni mchangie, hata wale wa resale value, sina kinyongo.

Na kuna kitu kimoja naomba. Kama uko humu na ulikuwa soko la Kyuso ile siku, ama mama yako alikuwa, na alishika ule mfuko, tafadhali jitokeza. Nimeuliza miaka mingi na wengine sijawapata. Macho yangu yalikuwa yamefungwa. Sauti zenu nazijua, sura zenu sikuwahi kuziona.