Kofia ya Mechi Mbili

Mwalimu wetu wa hesabu, Mwingereza mwenye magoti yanayolia akipanda ngazi, aliwahi kuchezea timu ya kriketi ya jimbo lake huko kwao. Mechi mbili tu. Ya kwanza alitolewa na mpira wa kwanza kabisa. Ya pili mvua ilinyesha siku zote tatu za mechi, hata gongo la kupigia mpira hakulishika. Msimu ulipoisha wakamwambia ahsante. Alitusimulia mwenyewe, huku akicheka, na kofia ya timu, ya kijani, akaitundika nyuma ya mlango wa darasa.

Mimi ndiye niliyembatiza Bingwa wa Mpira Mmoja. Kwa siri, nilidhani.

Mama yangu hununua nguo Guangyuan Xilu, mtaa wa masoko ya nguo hapa Uchina, kupeleka Dar, na Jumamosi mimi humbebea sampuli. Kule ukimpa fundi kitu chochote asubuhi, kesho yake anakupa thelathini. Nikaona raha yake: mwalimu anaingia, darasa zima tumevaa kofia yake, tunasimama kumpigia saluti. Ijumaa nikaichomoa mlangoni. Jumatatu ingekuwa pale pale.

Fundi, mwanamke ambaye mama humwita laoban, yaani bosi, aliigeuzageuza. "Zifanane kabisa?"

"Kabisa," nikasema. Nilikuwa nacheka peke yangu kama chizi.

Jumapili nikakuta thelathini mezani. Nilipoulizia ile ya zamani, akanipa mfuko wa nailoni. Ndani, vipande vya kitambaa cha kijani na nembo.

Mafundi wa kule hufumua sampuli ili wapate pateni ya kukatia kitambaa. Anayetaka yake irudi nzima hubana juu yake karatasi yenye maandishi ya Kichina: usifumue. Karatasi za mama nazibana mimi, kila Jumamosi. Hii nilisahau, kwa kucheka.

Mama, niliyekuja naye, akachungulia ule mfuko. "Ya nani?"

"Ya mwalimu."

"Alikupa?"

Nikaangalia viatu.

"Mdomo wote ule, leo umeuacha wapi?" Akamwomba fundi airudishie hapo hapo. Ilirudi kofia, lakini matundu ya sindano ya zamani yalionekana kando ya uzi mpya unaong'aa.

Jumatatu nilimpelekea kabla ya kengele. Nilikuwa nimeandaa utani tangu getini. Ulinikaukia mdomoni, nikasema ukweli wote mpaka mwisho. Alinisikiliza, akapitisha kidole ndani ya kofia, mzunguko mzima, polepole.

"Mkanda wa ndani uko wapi?"

"Fundi aliutupa, mwalimu. Aliweka mpya. Ule ulikuwa mchafu."

"Lilikuwa jasho," akasema. "La ule mpira mmoja."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Akaitundika kofia mlangoni, akanipa chaki, akaniambia niandike tarehe ubaoni kabla wenzangu hawajaingia.

Zile thelathini ziko chini ya kitanda changu. Wenzangu niliowaahidi kofia wakiniuliza, nawaambia fundi alishindwa.