Dobi na Ngozi ya Mkewe

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni dobi, na mtaani hana jina jingine. Chumba cha kazi kiko mbele, cha kulala nyuma, na katikati ni pazia tu. Mteja akija kuchukua suruali yake husikia kila kitu. Mwaka dada alipougua walisikia na harufu.

Dada alianza na vidonda mdomoni. Tukadhani vitapita. Vikashuka kooni, kisha malengelenge yakatoka mgongoni, makubwa, yamejaa maji, na yakipasuka ngozi inabaki nyekundu kama nyama ya buchani. Nasema kama ilivyokuwa. Usaha uliganda kwenye nguo, nzi wakaja, na ndugu wa mumewe wakaja na leso puani. Walisimama kwenye pazia, wakasema pole kwa pua zilizozibwa, wakaondoka bila kugusa hata glasi ya maji. Mmoja alitema mate kabla hajafika barabarani, nami nikimwona. Vidonda vya dada havikunitia kinyaa hata siku moja. Watu wale walinitia, tena cha kutapika.

Hospitalini daktari wa ngozi, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alitukalisha mimi na Dobi.

"Mwili ukivamiwa hutengeneza kingamwili," alisema. "Zikiwa nyingi vya kutosha, zenyewe zinauambia mwili basi, punguza. Halafu zinaisha taratibu, zinabaki seli chache za kumkumbuka adui. Mwili wa huyu mama umekosea adui. Unashambulia kile kinachoshikanisha ngozi yake, na ukiambiwa basi hausikii."

"Na dawa?" Dobi akauliza.

"Tutamtundikia dripu ya kuua seli ambazo zingekuja kuzitengeneza. Ila zilizokwisha kuingia kwenye damu hazitoki kwa siku moja. Zitaendelea kumchubua mpaka ziishe. Mtaona kama dawa haifanyi kazi. Msikate tamaa, na hivi vidonge msiviache ghafla."

"Yaani bomba tumefunga, tangi bado lina maji."

"Hivyo hivyo, baba."

Tukarudi nyumbani tukasubiri, na malengelenge mapya yakaendelea kutoka. Ndipo akaja kaka mkubwa wa Dobi, mwenye duka la vipuri na kitambi cha kuonea watu. Hakuketi.

"Dawa gani hii? Mtu anazidi kuoza," alisema kwa sauti ya mnadani. "Achana nayo. Mrudishe kwao wakamuuguze. Wateja wanakukimbia, mdogo wangu."

Dada alikuwa nyuma ya pazia, anasikia neno kwa neno, na kwa mdomo ule hakuweza kujibu. Nilitamani nimmwagie yule mtu beseni la maji machafu.

Kesho yake nikamkuta Dobi ameshika pakiti ya vidonge, saa ya kumpa imeshapita.

"Shemeji, labda kaka anasema kweli," alisema. "Mgongo unazidi."

Niliingia kuutazama. Kweli ulikuwa umezidi, lakini palipogusa kitanda tu. Nikapapasa shuka. Lilikuwa jeupe, limenyooka, gumu kama boksi.

"Shemeji, umetia nini humu?"

"Wanga, ule wa kukazia kola." Akainamisha kichwa. "Nilitaka alale kwenye shuka la maana. Sina kingine cha kumpa."

Nikamwonyesha pindo. Ngozi ya mkewe ilikuwa imebaki pale, imekauka. Akamtazama dada, na dada akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, alijua. Alivumilia kwa sababu alikuwa akimsikia kule mbele anavyoyanyoosha mashuka yake. Dobi akakaa sakafuni akalia kama mtoto, na mteja aliyekuwa akingoja mbele akaondoka bila suruali yake.

Vidonge nikampa dada mimi mwenyewe. Dobi akaloweka mashuka yote, akayasuuza mpaka maji yakatoka safi bila wanga, akayafikicha yakawa laini kama nepi za zamani. Mgongo ukatulia kwanza. Miezi ikaenda, kipimo cha kingamwili kwenye damu kikawa kinashuka kila tukirudi hospitali, na siku moja tukagundua hakuna lengelenge jipya popote. Yalibaki mabaka meusi.

Dada alianza kukaa mbele, kwenye kiti karibu na meza ya pasi. Kaka mtu akaja kufuata shati lake jeupe, lililopigwa pasi asubuhi ile, bure kama kawaida, akalivaa pale pale juu ya singlendi. Dada akasimama akamnyooshea mkono.

"Karibu, shemeji."

Yule bwana akavutia vidole vyake ndani ya mkono wa shati, akampa ncha ya kitambaa.

"Tunamshukuru Mungu," akasema. "Tulikuombea sana."

Dobi akaweka pasi pembeni.

"Kaka, vua shati."

"Nini?"

"Vua."

Akavua huku anacheka, akidhani kuna kifungo kimelegea. Dobi akalizamisha kwenye beseni la soksi za watu, akalikamua kama dekio, akamrudishia.

"Tafuta dobi mwingine."

Kaka mtu akatoka na singlendi yake, shati likichuruzika mkononi. Dada alikuwa bado amenyoosha mkono. Dobi akaushika, kwa vidole vyote, mbele ya wateja.