Kidole cha Mzee Joram

Kiharusi kilimwachia Mzee Joram kidole kimoja tu, cha shahada, mkono wa kushoto. Ulimi kilichukua, miguu kikachukua, na karani yule aliyezeekea kwenye telegrafu ya reli hapa Kisumu akabaki kutazama dari. Hiyo ilikuwa 1998. Opiyo, mdogo wake, alitaka wampeleke dala, nyumbani kwake Kombewa, kwa sababu mtu mzima hangojei kifo katika nyumba ya kupanga. Adero, binti wa Joram, akakataa. Manyatta, mtaa walikopanga, ilikuwa karibu na hospitali, naye hakuwa tayari kumzika mtu anayepumua. Akaapa kwamba siku Baba atakapoomba mwenyewe, wataondoka siku hiyo hiyo. Kuapa mbele ya bubu ni rahisi.

Adero alikuwa akitengeneza kurasa za mtandao katika ofisi ya Bwana Baldev mjini, na Baldev akampa kompyuta kuukuu aiweke kando ya kitanda. Kipanya hakikufaa, maana mkono haukuburutika. Basi akaandika ukurasa wenye maneno makubwa yanayowaka kwa zamu: maji, uji, maumivu, nigeuze, dala. Neno analolitaka likiwaka, mzee abonyeze kile kitufe kirefu cha chini. Lakini mzee hakungoja neno lolote. Alibonyeza upesi, akakandamiza, akaachia, akabonyeza tena, na skrini ikarukaruka ovyo. Adero akaongeza agizo ukurasa upuuze kitufe kinapokandamizwa kwa muda, kisha akaenda jikoni akalia. Alidhani akili nayo imekwenda.

Gordon, aliyewahi kukaa meza moja na Joram stesheni, alikuja kumjulia hali. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasikiliza kitufe kikigonga.

"Huyu hajapotea," akasema. "Anatuma. Fupi, refu, vile tulikuwa tunatuma stesheni. Anauliza mbona hakuna mtu anamjibu."

Adero aliona aibu hadi masikioni. Ukurasa wake ulisikia kitufe kikishuka tu. Hakuwahi kuuagiza usikilize kinapoachiliwa, na lugha yote ya baba yake ilikuwa katikati ya hapo. Gordon alimwandikia zile alama za telegrafu, herufi kwa herufi, kabla ya kwenda zake, naye akaurekebisha ukurasa. Kitufe kikishuka, saa inaanza, kikiachiliwa, inasimama, muda mfupi nukta, muda mrefu mstari, na herufi inajiandika yenyewe. Neno la kwanza la mzee lilikuwa kwamba uji hauna sukari. Adero alicheka mpaka Dorca, jirani yake, akaja kuchungulia.

Kabla jua halijatua, herufi nyingine zikaja polepole: NIPELEKE DALA.

"Kesho, Baba," akajibu.

Kule Kombewa hakukuwa na stima. Alikuwa ndiyo kwanza amempata baba yake, na sasa amrudishe kwenye kimya? Kesho ikazaa kesho. Alimuuliza habari za marehemu mama yake, Rosa, walivyokutana, na alikuwa akiimba nyimbo gani. Mzee alijibu yote, na kila alipomaliza aliandika maneno yale yale mawili. Mwishowe akaacha kujibu. Kidole kilikaa juu ya kitufe bila kukibonyeza, na ukurasa ukaendelea kungoja.

Opiyo alipokuja, Adero alimweleza habari ya stima, akasema bila kompyuta Baba atakuwa bubu tena. Opiyo hakupaza sauti.

"Nyathina, mtoto wangu, Gordon alisikia na masikio tu. Hizo alama si unazo? Ungejifunza, angekugongea hata kwa mbao ya kitanda."

Adero hakuwahi hata kuliwaza hilo. Kompyuta ilijua lugha ya baba yake, naye akaona inatosha. Siku ile ile akakodi gari la kuwapeleka Kombewa Jumamosi, akainama sikioni mwa mzee akamwambia. Mzee alifumba macho, labda kwa kusikia, labda kwa kuchoka.

Ijumaa mchana akafa.

Gari halikubadilishwa. Walitoa viti tu, jeneza lipate nafasi.