Tumbo la Sentineli

Mama Donatille anauza unga wa mihogo kwa soko ya Ndosho, pale wanawake wa unga wanakaa mustari mumoja, na kabla ya saa sita wote wamekuwa weupe mupaka kope za macho. Mimi napita pale karibu kila siku. Muzee asiye na kazi anatembea, na anayetembea anatafuta mahali pa kukaa. Siku ya kwanza alinigeuzia bido ya maji, lile dumu la plastiki, akasema, "Papa, ikaa. Lakini usinigusie unga." Ndivyo tulivyojuana.

Ni mwanamuke wa Rutshuru, mufupi, wa maneno machache asubuhi na mengi jioni. Bwana yake, Janvier, anapakia na kupakua magari ya biashara kule Bunagana, na anaonekana nyumbani wakati barabara inakubali. Watoto wao wameoa na kuolewa mbali. Kwa hiyo katika nyumba yake ya mbao wanaolala ni yeye, magunia ya unga, na paka.

Paka huyo ni dume wa rangi ya majivu. Alimuita Sentineli. Si jina la mapenzi, ni jina la kazi, maana mutu anayeuza unga bila paka anafanyia panya biashara. Lakini vita vilipoingia kartie, mutaa wetu, watu wakakimbia na magodoro juu ya kichwa, na Mama Donatille naye akafunga mulango akaenda. Aliporudi, mulango ulikuwa chini. Sufuria zimeenda, magunia yameenda, limebaki gunia moja tu ambalo wezi hawakuliona nyuma ya kitanda. Juu ya gunia lile Sentineli alikuwa amelala, amekonda, na gunia halina hata tundu moja. Kwa unga ule alianza biashara tena. "Watu waliniibia," aliniambia, "panya hapana."

Basi mwanzo wa mvua, motari mumoja, dereva wa pikipiki, alikwepa shimo mbele ya nyumba yake, gurudumu likamupita Sentineli kiunoni. Motari hakusimama. Mama Donatille alimuokota ndani ya kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga. Miguu ya mbele ilikuwa inapiga, miguu ya nyuma ilikuwa inafuata tu, kama nguo inayokokotwa. Mapaja yalikuwa yamechubuka mupaka nyama kuonekana. Kila mutu alisema hatafika asubuhi.

Akafika. Akakunywa maji, kisha akalamba samaki mudogo wa sambaza kwa kidole cha mama yake. Kesho yake tumbo likaanza kujaa, na sisi sote tukafurahi. Majirani walikuwa wanakuja kuchungulia kwenye kartoni. "Ona tumbo. Anakula huyu, atapona." Hata mimi niligusa nikasema ameshiba. Jioni tumbo lilikuwa gumu kama embe bichi, na paka alikuwa analia kwa sauti ambayo sikuijua, ya chini, bila kufungua mudomo.

Mama Donatille akamubeba, mimi nikamusindikiza, mupaka kwa Kamate, yule mwenye duka la dawa za mifugo. Kamate ni veterineri wa kweli, amesoma. Lakini duka lake ni dawa ya minyoo ya ng'ombe, chanjo ya kuku, na sindano kubwa ambazo ukiziona unafikiri za kupigia ukuta. Aliweka kiganja chini ya tumbo la Sentineli, akalibonyeza kidogo.

"Mama, huyu hakushiba. Huyu amejaa mukojo."

"Mukojo?"

"Mugongo umeumia. Hawezi kukojoa mwenyewe." Akamugeuza juu ya beseni, akafinya polepole. Mukojo ukatoka, mwingi, rangi ya chai, mupaka ukamurukia kwenye viatu. Paka akaacha kulia.

"Sasa atatembea?"

"Sijui, mama. Mimi natibu ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Paka nilimusoma kwa kitabu, na kitabu kilibaki shuleni. Mashine ya kupiga picha mifupa ya munyama, hapa kwangu haiko. Alikuwako mwenzangu mumoja aliyejua paka na mbwa, naye alikimbia. Nikikuambia najua, nitakudanganya."

"Na ile unayoijua?"

"Ninayoijua ni hii. Mukojo ukikaa ndani, atakufa. Utamukamua asubuhi, katikati ya siku, na jioni. Kila siku."

"Mupaka lini?"

"Mupaka aanze kukojoa mwenyewe. Ama mupaka uchoke." Kisha akasema polepole, bila kumutazama, "Iko pia sindano ya kumulalisha asiamuke."

"Ile hapana," Mama Donatille akajibu. Kamate alimufundisha kushika: vidole huku na huku, usifinye kama unakamua nguo, finya kama unauliza. Akamupa dawa ya bluu ya vidonda vya mbuzi, tukaenda.

Asubuhi haikuwa shida, wala jioni. Shida ilikuwa saa sita, wakati watu wanakuja kununua unga wa chakula cha jioni. Kurudi nyumbani katikati ya soko ni kumwachia mwingine wateja, na kulipa motari wa kwenda na kurudi kunakula faida. Majirani hawakutaka kumusaidia. Mumoja aliogopa meno. Mwingine alisema paka aliyekanyagwa hivyo na hafi, huyo ana kitu cha uchawi. Basi Mama Donatille akaanza kuja naye sokoni. Unga mugongoni, kartoni mukononi, na bido ya maji, sabuni, vitambaa, na kopo la kukojolea. Nilikuwa namuona anakuja kutoka mbali, anatembea upande upande kwa sababu ya uzito.

Alikuwa anajificha nyuma ya turubai la shitingi, anamukamua, ananawa mara mbili, anarudi kwa meza. Lakini soko haina nyuma. Kila mutu aliona.

"Donatille," Julienne akamuita, yule anayeuza meza ya pili, "uko nauza unga wa fufu ama umefungua hospitali?"

"Leta bwana yako, nitamufungulia kitanda."

Kijana mumoja akainama kwenye kartoni. "Mama, hii paka ni bei gani? Shemeji yangu anapenda sana nyama yake."

"Kwanza uweke shemeji yako hapa kwa mizani. Kama anamupita huyu kwa uzito, tutabadilishana."

Watu walicheka, naye alicheka. Lakini wanaocheka si wanaonunua. Wateja wake wa siku zote walianza kupita na macho yakitazama ngambo. Julienne mwenyewe alikuwa anamusukumia waliobaki, "Nendeni kwa Donatille, anaosha mikono kupita padri," lakini mutu hanunui chakula kwa mukono aliouona unakamua mukojo. Jioni gunia lilikuwa linarudi nyumbani karibu vile lilivyokuja. Na mwenye gunia pia alikuwa anarudi nalo mugongoni, na kartoni, na vitambaa vya kufua.

Siku moja Janvier alipiga simu kutoka Bunagana. Mama Donatille aliweka simu juu ya unga ili mikono iendelee kupima, sote tukasikia.

"Paka ni paka, Donatille. Hapa ziko mingi. Nitakuletea mudogo."

"Leta."

"Basi uache huyo."

"Nimesema leta. Lakini hata ukimuleta huyo mudogo, saa sita huyu wangu bado atakuwa na mukojo."

Janvier akauliza kama mvua ilinyesha.

Ile iliyomuvunja si maneno ya mutu mubaya. Ni mama mumoja mupole, muteja wake wa tangu zamani. Alikuwa amekwisha kupimiwa, unga uko ndani ya mufuko. Akasimama pale. Kisha akafungua mufuko akaurudisha unga juu ya rundo, polepole, asimwage. "Unisamehe, mama yangu. Si wewe. Ni moyo unakataa." Mama Donatille akamwambia haiko shida. Mama yule alipoondoka, Mama Donatille alikaa chini juu ya jiwe, mikono wazi juu ya magoti, na hakuita tena muteja. Alisema, si kwangu wala si kwa mutu, "Nikiendelea hivi, sitakuwa na unga wala paka."

Ngambo ya njia anakaa muzee Niyitegeka, anayeuza kamba za kufungia mbuzi, ambazo anazisokota mwenyewe. Ni mufugaji wa Masisi. Ng'ombe zake zilienda na vita, kambi ya wakimbizi alimokuwa ikabomolewa, sasa analala kwa mutoto wa dada yake kule Mugunga. Kwa siku zote zile hakuwa amesema neno juu ya paka. Siku ile aliinuka, akavuka njia na fimbo yake, akasimama mbele ya meza kama mutu aliyekuja kuposa.

"Mama Donatille, uniragize."

Yeye akamutazama. "Nikuragize nini, muzee? Miye niko na ng'ombe?"

"Uniragize huyu."

Kwetu juu, kwa milima, kuragiza ni kumupatia mutu ng'ombe yako akuchungie. Inabaki yako. Yeye anailisha, anakamua maziwa anakunywa, na wewe unakuja kuiangalia. Si zawadi, na si kuuza. Kati ya watu wawili walioragizana, inakuwa kama undugu. Julienne ni mutu wa Bukavu, si wa kwetu, lakini ile alielewa, akaacha kupima.

"Muzee," Mama Donatille akasema, "huyu ni dume. Maziwa utaitoa wapi?"

"Nitakunywa panya."

"Miguu yake haina nguvu."

"Basi panya watakuja wenyewe kumucheka, nitawapiga na fimbo."

"Unajua kumukamua?"

Alifungua mikono akamuonyesha, vidole virefu, vyeusi kwa kamba. "Hii mikono haijakamua kitu tangu ng'ombe ziende. Unionyeshe tu mahali."

Mama Donatille akamuonyesha, palepale mbele ya wote, hakujificha tena. Alipomaliza alimupa kartoni, dawa ya bluu, na kikwembe kimoja. Niyitegeka alipokea kwa mikono miwili. Muzee alipofika mbali na soko, Mama Donatille alianza kufuta meza. Alifuta mahali pasipokuwa na unga.

Wateja hawakurudi wote, wala hawakurudi upesi. Lakini walirudi. Paka mudogo wa Janvier alifika ndani ya mufuko, muoga, analala ndani ya sufuria, na panya walikwisha kutoboa gunia moja. Mama Donatille alilishona. Niliona alikuwa ameanza kukonda usoni, na nilipomuuliza alisema bado anaamuka usiku kusikiliza kama Sentineli analia.

Siku ya Mungu, baada ya misa, aliniomba nimusindikize Mugunga. Alibeba sambaza kidogo. Niyitegeka alikuwa ametuona tangu kwa barabara: tulimukuta amevaa koti, amesimama mulangoni na fimbo. Alisalimia, akauliza habari za Janvier, za barabara, za soko. Kisha akatoa habari za munyama kama inavyotakiwa.

"Anakula. Anakojoa kwa mukono wangu, bado si kwa nguvu yake. Kidonda kimoja kimefunga, cha pili kinakataa. Jana nilipomugusa, muguu wa kushoto ulishituka. Sijui kama ni uzima ama ni inzi."

"Na wewe huchoki, muzee?"

"Nachoka. Lakini hata kukaa bure nilikuwa nachoka."

Sentineli alikuwa juu ya kile kikwembe, pembeni ya ukuta, mahali penye jua. Alimutazama Mama Donatille, akanusa sambaza, akala moja akaacha zingine. Hakulia. Mama Donatille alipiga magoti.

"Saa yake imefika?"

"Imefika."

"Leo uniachie miye."

Niyitegeka akasogeza kopo. Mama Donatille akakunja mikono ya nguo, akaweka vidole huku na huku, akafinya polepole. Hapakuwa na muteja wa kumuangalia, wala meza ya kurudia. Mukojo ulitoka kidogo kidogo, mupaka ukaisha, na yeye akabaki ameshika tumbo lile lililolainika. Akasogea akaegemea ukuta wa mbao. Nilidhani anafikiri. Kumbe alikuwa amelala, mudomo wazi, mukono umebaki juu ya paka.

Nilitaka kumuamusha, maana barabara ni ndefu. Niyitegeka akatikisa kichwa. Akamwaga kopo nje, akaliosha, akarudi kusokota kamba, na mimi nikatafuta mahali pa kukaa.