Hita Iliyogoma Nyuma ya Gereji

Mume wangu alikuwa ameshahama nyumbani zaidi ya mwaka mmoja aliponipigia simu Jumapili asubuhi, nikijiandaa kwenda kanisani. Hakuuliza hali. Alisema tu, "Mama watoto, hita imegoma. Njoo na tochi."

Alikuwa akiishi ndani ya gari, yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo humo humo, ambayo wastaafu wa Kanada husafiria kiangazi. Alilinunua likiwa kuukuu, akasema ataliendesha mpaka pwani ya magharibi aione nchi aliyoifanyia kazi miaka yote hii. Hakufika hata Mississauga, mji wa jirani tu. Aliliegesha nyuma ya gereji ya rafiki yake Mkongo kule Etobicoke, akahamia humo. Mimi nikabaki na fleti yetu ya Mount Dennis, na kila Jumapili wanawake wenzangu wa kanisani waliniuliza habari za nyumbani huku wakiangalia pembeni.

Alikuwa fundi wa majokofu tangu tukiwa Morogoro. Katika ndoa yetu sikuwahi kumsikia akiomba msaada wa kutengeneza chochote. Ndiyo maana nilivua viatu vya kanisani nikavaa buti.

Baridi ya siku ile ilikuwa inagandisha unyevu puani. Nilibadilisha basi mara mbili. Nilipofika alinifungulia mlango akiwa na koti, kofia na blanketi mabegani. Ndani pumzi zetu zilitoa moshi, na maji ya beseni la vyombo yalikuwa barafu tupu.

"Umechelewa," alisema.

"Mabasi ya Jumapili unayajua."

Hakusogea kufanya kitu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono ndani ya blanketi, akaanza kuniamuru. Kwanza niwashe jiko. Nikawasha, moto ukaja wa bluu, umesimama vizuri.

"Basi gesi inafika. Sasa geuza hiyo swichi ya joto ukutani."

Feni ya hita, ile mashine ya kupasha joto, ikaanza kuvuma chini ya kabati. Tukasubiri.

"Unasikia nini?"

"Feni."

"Halafu?"

"Feni tu."

"Ilitakiwa iseme ta-ta-ta. Hiyo ndiyo cheche ya kuwashia. Haisemi."

Akanieleza kwa subira ambayo nilikuwa nimeisahau. Ndani ya hita kuna swichi ndogo yenye ulimi mwembamba wa bati. Upepo wa feni ukiusukuma ulimi ule, ndipo gesi inafunguka na cheche inapiga. Upepo ukiwa hafifu, hakuna kinachowaka. Kwa hiyo ama betri imechoka na feni inazunguka kivivu, ama kuna uchafu. Nikapima betri kwa mita yake, yeye akasoma namba kutoka kitandani. Betri ilikuwa nzima.

"Ni uchafu, basi. Piga magoti, fungua kile kifuniko."

"Kwa nini mimi?"

"Mikono imekufa ganzi."

Nikachukua bisibisi. Skrubu zilikuwa nne, na kuzizunguka bati lote lilikuwa limejaa mikwaruzo mipya, mingi, ya mtu aliyejaribu tena na tena kuingiza ncha ya bisibisi akaikosa. Nikaitazama kwa muda. Nilifungua.

Panya alikuwa amejenga ndani ya feni. Nilitoa vipande vya karatasi ya chooni, sponji ya godoro, nyuzi za zulia. Nikasafisha kwa mswaki wa zamani, nikaupapasa ule ulimi kwa kidole mpaka ukacheza bila kukwama. Nikafunga, nikageuza swichi. Feni ikavuma, ikasema ta-ta-ta, kisha moto ukashika kwa kishindo kidogo. Hewa ya joto ikaanza kutoka.

Nilibandika chai. Kikombe alikipokea kwa mikono miwili na bado chai ilimwagikia blanketi. Baadaye, joto lilipokuwa limeenea, aliuweka mkono wa kulia juu ya goti. Dole gumba na kidole cha shahada vilikuwa vinasuguana, taratibu, kama anaviringisha tonge la ugali ambalo halikuwapo.

Nimefanya kazi ya kuhudumia wazee tangu tulipofika nchi hii. Mkono wa namna ile, wa wazee wenye ugonjwa wa kutetemeka, nimeulisha, nimeuvisha, nimeuosha mara nisizoweza kuhesabu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Ni baridi tu."

"Humu hakuna baridi sasa. Tangu lini?"

"Tangu kabla sijahama."

"Na daktari?"

"Nimemwona. Dawa ninazo."

Nilibaki nimesimama na birika mkononi. Akaendelea kusema akiangalia sakafu. "Ulikuwa unarudi kazini mgongo unakuuma, unanisimulia wale wazee. Yupi amejichafua, yupi amekutemea uji. Nikaona siwezi kuwa mmoja wao ndani ya nyumba yako."

"Kwa hiyo ukaniacha niamini umenichoka."

"Ilikuwa rahisi zaidi."

Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa, nilitaka kumpiga na birika lile. Lakini kabla sijafungua mdomo king'ora kikalia juu ya kitanda, kikali cha kutoboa masikio, naye akainuka upesi kuliko nilivyodhani anaweza.

"Zima hita! Fungua mlango! Toka, toka!"

Ilikuwa hewa ya sumu ya moto wa gesi, isiyo na harufu, na king'ora kiliwekwa kuinusa. Tulisimama kwenye theluji, mimi nimemshika kiwiko, mpaka king'ora kikanyamaza na ndani kukapoa tena. Kisha akaingia, akajilaza sakafuni kwa taabu, akamulika ndani ya hita.

"Sanduku la moto limepasuka, sumu inavujia ndani," alisema. "Ule uchafu ulizuia upepo, chuma kikachemka kupita kiasi. Hii haitengenezeki. Ukilala nayo huamki."

"Twende nyumbani."

"Nitanunua ya umeme."

"Nani atakufungulia boksi lake?"

Maneno yale niliyajutia hata kabla hayajaisha kunitoka. Alianza kukusanya dawa zake, na kopo moja likamponyoka mara tatu, nami nikajilazimisha kutazama dirishani.

Rafiki yake Mkongo alitupeleka kwa gari lake. Tulipofika aliniambia, mume wangu akiwa bado anahangaika kushuka, "Pole, maman. Alinikataza kusema."

Mume wangu alikaa kwangu miaka miwili, katika chumba walimolala watoto kabla hawajahama. Alinishukuru kwa kila kitu, kikombe, soksi, kifungo cha shati, kwa sauti ile ile ya adabu wanayotumia wazee wa kazini, na sikupata namna ya kumwambia aache. Binti yetu alipopiga simu alimwuliza baba yake kwa Kiingereza anaendeleaje, naye akamjibu kwa Kiswahili kuwa ni mzima. Nilipoanza kushindwa kumwinua peke yangu, tukampeleka kwenye nyumba ya wazee, si ile ninayofanyia kazi. Huko wanawake wengine ndio wanamwosha.

Naenda kila Alhamisi. Ugonjwa sasa umeanza kula na kumbukumbu zake. Siku nyingine ananitambua nikiwa bado mlangoni. Siku nyingine lazima nivue kofia kwanza, nisogeze kiti, nimtajie watoto mmoja mmoja.